Wanafunzi wapewe nafasi ya kushika vitu vya kale

Kwako Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Muhula uliopita niliwaomba wanafunzi waje na kitu kimoja cha zamani kutoka nyumbani. Msichana mmoja alileta kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya kuganda ya Wakalenjin, cha nyanya yake, kimepasuka shingoni na kushonwa kwa uzi wa ngozi. Alipokifungua, harufu ya mkaa wa mti wa senetwet ilijaa darasani. Akatueleza jinsi kinavyosuguliwa kwa kijiti kiitwacho sosiot kabla ya kutiwa maziwa. Mtoto huyo huwa hasemi neno. Siku hiyo alijibu maswali mpaka kengele ikalia.

Kuna waliokuja mikono mitupu. Wengine familia zao zimehama mara nyingi, na vitu vikapotea njiani. Hao ndio walioniuma zaidi.

Kwa hiyo naomba shule zetu zitumie Hyrax Hill, eneo la mabaki ya kale ambalo liko hapa hapa mjini. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba huko mwaka 1937, na mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani yapo hadi leo. Mtoto wa kabila lolote anaweza kuchuchumaa pale, akaingiza kidole shimoni, akajua kuwa watu walicheza hapa kabla ya Nakuru kuwa mji.

Wizara na kaunti zitusaidie nauli ya basi. Na wazazi, tafadhali, msitupe vibuyu.

Mwalimu,
Nakuru