Wavuvi waulizwe kabla meli ya utafiti haijafika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu vitalu vya mafuta na gesi baharini. Zanzibar ilifungua mnada wake wa kwanza wa vitalu vya baharini mwaka 2024, na Bara nayo inatafuta wawekezaji. Mjadala mwingi ninaousikia ni wa mgawanyo wa mapato. Hatua ya mwanzo kabisa inapita kimyakimya: mwananchi wa pwani anaulizwa lini, na anaulizwa vipi?

Wenzetu wa Afrika Kusini wamelifikisha swali hili mahakamani. Mwaka 2014 serikali yao iliipa kampuni ya Impact Africa haki ya kutafuta mafuta kwenye bahari ya Wild Coast, pwani ya mashariki ya nchi hiyo, na baadaye Shell ikaingia ubia. Mwishoni mwa 2021 meli ya utafiti ilipofika, wanavijiji wa Amadiba na Dwesa-Cwebe walikwenda mahakamani wakapata zuio. Tarehe 1 Septemba 2022 Mahakama Kuu ya Makhanda ikaifuta haki ile.

Sababu za hukumu ndizo ninazotaka viongozi wetu wazisome. Kampuni ilidai imewashirikisha wananchi kwa kuwa ilizungumza na wafalme na machifu wao. Mahakama ikasema kuzungumza na chifu hakutoshi kuwa kuwauliza watu wake. Matangazo yalitolewa magazetini kwa Kiingereza na Kiafrikana, kwenye pwani ambako watu wanazungumza Kixhosa na wengi hawayaoni magazeti hayo. Hata imani ya wenyeji kwamba wahenga wao wamo baharini mahakama iliipa uzito, na kampuni haikuwahi kuwauliza habari hiyo.

Juni 3, 2024 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilikubali kwamba haki ilitolewa kinyume cha sheria. Lakini ikasitisha kuifuta, ili ombi la kuongeza muda wa haki hiyo lishughulikiwe na wananchi washirikishwe upya. Hapo mimi sikubaliani nayo. Ukimuuliza mtu baada ya kibali kutoka, unampa taarifa tu. Maoni yake hayana tena pa kuingia.

Na utafiti wenyewe si jambo dogo. Meli inakokota nyaya zenye urefu wa kilomita kadhaa, na mizinga ya hewa inapiga kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana, kwa wiki au miezi, ili mlio ushuke hadi kwenye miamba na kurudi na picha ya kilichomo chini. Vyombo vingine vyote hutakiwa kukaa mbali. Mvuvi mwenye jarife majini anahitaji kujua mapema meli itapita wapi na siku gani, na nani atamlipa wavu ukikatwa.

Huku kwetu Kilwa mkutano wa ushirikishwaji unaitishwa saa nne asubuhi kwenye ofisi ya kijiji. Saa hiyo mashua ziko baharini. Ikiwa ni bamvua, akina mama wako mwambani wanatafuta pweza, na maji hayamsubiri mtu amalize kikao. Ikiwa ni msimu wa dago, yaani kambi za uvuvi, wavuvi wamehamia visiwani na hawarudi leo wala kesho. Wanaobaki kusaini karatasi ya mahudhurio ni wajumbe na wazee wachache, na karatasi hiyo ndiyo inayoambatishwa kwenye ripoti kuwa wananchi wameridhia. Kwa kipimo cha Makhanda, mikutano ya namna hiyo isingepita.

Sipingi gesi. Ya Songosongo imekuwa ikizalisha umeme wa taifa tangu 2004, na tunajivunia. Ninachowaomba PURA wanaosimamia utafutaji wa mafuta na gesi, NEMC wanaosimamia mazingira, na wenzao wa Zanzibar ni mikutano ipangwe kwa kalenda ya maji na ya misimu, ifanyike bandarini jioni vyombo vikisharudi, na ifike hadi kwenye madago. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vipewe ripoti nzima ya tathmini ya athari kwa mazingira kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, lakini ripoti hizi huandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kinaishia kwenye muhtasari.

Tena mpango wa kukabiliana na mafuta yakimwagika uwekwe wazi kabla ya kibali. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Cape Town ilibatilisha kibali cha mazingira cha TotalEnergies kwa kasoro kadhaa, mojawapo ikiwa wananchi kutopewa nafasi ya kuupitia mpango wa aina hiyo. Sisi tunaoishi mbele ya mikoko na matumbawe tunastahili kuusoma wa kwetu tukiwa bado na uwezo wa kusema hapana.

Mkazi wa Kilwa Masoko,
Lindi