Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuja Lamu kupanda mikoko

Mpwa wangu,

Assalamu alaykum. Umeuliza kama tutawapokea wenzako 60 wa kazini kutoka Nairobi, wapande miche 5,000 ya mikoko kwa asubuhi moja. Chini kidogo ukaandika kwamba, kwa imani yako, binadamu akijitoa kabisa msituni asili itajiponya yenyewe. Nakujibu hadharani kwa sababu maombi ya namna hii ni mengi. Ila niambie kwanza: kama binadamu anatakiwa ajitoe, hao watu 60 wanakuja kufanya nini matopeni?

Msitu unaousema haujawahi kuwa bila watu. Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya 37,000 kati ya hizo ziko huku Lamu. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu wa akiba mwaka 1932, na wakati huo majahazi yalikuwa tayari yamepeleka boriti Uarabuni kwa vizazi vingi. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku mwaka 1982. Ukiingia jumba la mawe la mji wa Lamu ukashangaa vyumba ni virefu lakini vyembamba, tazama dari: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Wakataji wana jina kwa kila unene, kuanzia fito na pau hadi boriti, nguzo na banaa. Mimi naamini mkataji mwenye leseni, anayejua mwakani atarudi palepale kutafuta riziki, anaulinda msitu kuliko ukuta wowote.

Lakini awe anajua anachokata. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kujipinda kama miguu ya kaa, ukikatwa shina umekufa. Kisiki chake hakichipui. Mchu na mlilana, aina nyingine za mikoko, hutoa machipukizi kisikini. Kwa hiyo ukataji unaovumilika kwa mchu unaweza kumaliza mkoko. Kosa la pili ni kufyeka eneo zima bila kubakiza miti mikubwa ya mbegu. La tatu halisemwi sana: matawi yaliyoachwa chini. Maji yakijaa huyaburura huku na huku, na kila tawi likipita linang'oa miche iliyoota yenyewe.

Sasa hiyo sehemu uliyonitumia picha. Ni tope tupu mbele ya msitu, upande wa bahari, mashua inafika bila taabu na picha zitapendeza. Hapo hapafai. Tope hilo si uwanja mtupu. Ndege wa pwani hula hapo na, mbele kidogo, majani ya bahari hulisha samaki wa tafi. Halafu liko chini mno. Mikoko huishi katika nusu ya juu ya eneo ambalo maji hujaa na kupwa, mahali panapofunikwa na maji si zaidi ya theluthi moja hivi ya muda wote. Mche uliopandwa chini ya hapo hukaa majini muda mrefu mno, mizizi inakosa hewa, wale wadudu wenye magamba magumu wanaganda shinani mpaka unainama, kisha mawimbi ya kusi yanamalizia. Huko Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, watafiti walikagua maeneo 23 yaliyokuwa yamepandwa. Maeneo 9 hayakuwa na mche hata mmoja hai. Fedha zilikuwepo na nia ilikuwepo. Miche ilipandwa pasipo pake.

Kupima kama mahali pako juu ya kutosha ni kazi ya watu wawili. Chagueni siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa sana, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, katika mkono wa bahari uliotulia. Mmoja asimame na fimbo yenye alama za sentimita pale ambapo miche ya asili ya mwisho, upande wa bahari, inaishi vizuri. Mwingine asimame mnapotaka kupanda. Maji yakifika kilele, pigianeni simu, kila mmoja asome kina chake kwa dakika ileile. Kama kwenu kina kinazidi cha miche ya asili kwa sentimita 30, mko chini kwa sentimita 30. Rudini nyuma kuelekea nchi kavu. Rudieni siku ya pili msije mkadanganywa na upepo.

Na kama eneo lilikuwa msitu zamani, jiulizeni swali moja kabla ya kushika mche: kwa nini miche haioti yenyewe hapo? Hapa ndipo ile imani yako ina ukweli, nusu yake. Mkoko mmoja mkubwa hudondosha mbegu nyingi kila mwaka, na maji huzieneza bure. Pasipoota kitu, kuna kizuizi. Mara nyingi ni maji: tuta la barabara, au ukuta wa udongo wa mabwawa ya chumvi kama yale yaliyo kuanzia Ngomeni kwenda Gongoni, upande wa Malindi. Upande mmoja maji hayafiki, chumvi inapanda udongoni. Upande wa pili yametuama, mizizi inaoza. Wakati mwingine ni mbuzi na punda, au ukataji ambao haujakoma. Watu 60 wenye majembe wakifungua mfereji wa zamani kwa siku mbili wanaweza kufanya zaidi ya miche yote 5,000. Asili inajiponya, ndiyo, lakini anayeziba njia ya maji ni binadamu, na ndiye wa kuizibua.

Ikiwa baada ya hayo yote bado kuna haja ya kupanda, basi hivi. Mbegu ya mkoko ni ndefu, sentimita 40 hadi 60, na huanza kukua ikingali mtini. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano inapoungana na tunda, na ukiutikisa mti inaanguka. Ukilazimika kuivuta kwa nguvu, iache. Zikague moja moja: yenye tundu la mdudu au alama za meno ya kaa haifai. Ziwekeni kivulini zikiwa na unyevu, mzipande ndani ya wiki moja. Zamisheni robo hadi theluthi ya urefu, wima. Ile ncha iliyokuwa ndani ya tunda ndiyo ya juu; wageni wengi huipindua, kisha hulaumu udongo. Nafasi ni mita moja kwa mita moja, maana yake miche yako 5,000 inataka nusu hekta kamili, na nusu hekta ifaayo ni nadra kuliko unavyodhani. Pandeni bamvua inapoanza kupungua kuelekea maji mafu, ili mbegu ipate siku kadhaa za maji dhaifu kabla nguvu hazijarudi.

Msipande mkoko kila mahali kwa sababu tu mbegu yake ni rahisi kushika. Mlilana hukaa mbele baharini, mkoko hufuata, kisha mkandaa, na nyuma kwenye chumvi kali ni mchu na kikandaa. Mbegu za mchu na mlilana ni ndogo, zinahitaji kitalu kwanza, pahali ambapo maji ya bahari hufika yenyewe. Wakati wa kupanda, vueni mfuko wa plastiki na mwondoke nao.

Najua utanitajia hadithi ya Mtume kuhusu mwenye mche mkononi hali Kiyama kimesimama, kwamba akiweza aupande. Hakuambiwa aupande baharini. Na sisi tumeambiwa pia kwamba ardhi ni amana, na mwenye amana huulizwa hesabu. Kwa hiyo bajeti yako isiishie kwenye nauli, fulana na biriani. Tengeni fedha za watu wa hapa kuhesabu miche baada ya miezi mitatu, sita, kumi na miwili na ishirini na minne, katika viwanja vya mita 10 kwa 10 vilivyowekewa vigingi. Wakikuta imekufa, waandike imekufa, pamoja na sababu. Ripoti ya idadi iliyopandwa peke yake naiona ya bure.

Kibali kitoke Shirika la Huduma za Misitu, na mkae kwanza na chama cha wahifadhi msitu cha eneo lenyewe, maana wao ndio watakaobaki. Nitumie tarehe kwa kalenda ya Hijria nijue maji yatakuwaje. Waambie wenzako wavae viatu vya kufunga kamba. Ndara zinabaki topeni. Na kabla ya hao 60, mje wawili tu, na fimbo za kupimia.

Mjomba wako, Lamu