Kabla ya kununua beberu asiye na pembe

Mhariri,

Mfugaji wa mbuzi wa maziwa anapotafuta beberu, awe wa Subukia, Nyakach au Vihiga, macho yake hutua kwanza kwa yule asiye na pembe. Sababu zinaeleweka. Hajeruhi wenzake, kichwa chake hakikwami kwenye mbao za hori, na hata mtoto anaweza kumshika bila hofu. Wauzaji wanalijua hilo na bei hupanda. Kisichosemwa ni kwamba beberu huyo akimpanda jike ambaye naye hakuota pembe, baadhi ya majike watakaozaliwa watakuwa huntha, yaani wenye maumbile ya kike na ya kiume, tasa tangu tumboni. Mfugaji atawalisha mwaka mzima akisubiri waingie joto, yaani watake dume, na hawataingia.

Hayo hayaletwi na ulozi wala lishe duni. Yamo kwenye damu. Jeni ya kutoota pembe ina nguvu kuliko ya pembe, hivi kwamba mbuzi akirithi nakala moja tu, kutoka kwa baba au mama, kichwa chake kitabaki kitupu. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha kiini chake: kwenye kromosomu ya kwanza ya mbuzi pamekatika kipande cha DNA cha herufi kama 11,700, na pengo hilo hunyamazisha jeni inayohitajika ili ovari, kifuko cha mayai ya uzazi, iundike. Nakala moja ya pengo haidhuru uzazi. Jike akipata nakala mbili, ovari haitengenezeki ipasavyo, na mahali pake huota kitu chenye sura ya korodani.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua beberu na jike, wote hawana pembe na kila mmoja ana nakala moja. Katika kila vitoto vinane, kwa wastani viwili vitaota pembe, vinne vitakosa pembe na kuwa wazima, na viwili vitakuwa na nakala mbili. Kati ya hivyo viwili, kimoja kilikuwa kizaliwe jike, na ndicho huntha. Mmoja kati ya wanane huonekana kidogo hadi ukumbuke kwamba ni robo ya majike, nao majike ndio tunaowafugia.

Kumtambua mapema kunataka kuangalia. Huntha wengine hufanana kabisa na dume, ndiyo maana utasikia mtu akilalamika kwamba "damu hii inazaa madume tu". Wengine wana uke, ila ni mdogo, na kwenye sehemu yake ya chini kuna kinyama kilichovimba kama punje ya njegere. Chuchu hubaki fupi. Akikua hunusa na kupanda wenzake, shingo inanenepa, na harufu ya beberu inaanza. Huyo asisubiriwe wala asitibiwe. Anenepeshwe auzwe wa nyama, maana nyama yake haina ubaya wowote.

Beberu mwenye nakala mbili naye si wa kuaminika. Wapo wanaozalisha vizuri, lakini kwa wengine mirija ya mbegu huziba pale juu ya korodani. Anapanda kwa bidii, ila majike wanarudi joto baada ya siku 21, mmoja baada ya mwingine. Shika korodani zote mbili kabla ya kulipa. Ziwe na ukubwa unaolingana, ngumu kiasi kama msuli uliokazwa, bila donge gumu upande wa juu. Mwenye korodani moja mwache hukohuko, hata kama mama yake anakamwa ndoo.

Kinga yake ni moja: katika kila upandishaji, mzazi mmoja awe wa damu ya pembe. Jike asiye na pembe ambaye amewahi kuzaa ana nakala moja tu, kwani angekuwa na mbili asingezaa. Akipandwa na beberu mwenye pembe, hakuna kitoto kitakachopata nakala mbili. Kwa hiyo beberu wa kikundi, anayehudumia majike 25 au 30 kutoka boma mbalimbali, wengine wana pembe na wengine hawana, lazima awe wa pembe. Mwenye majike wachache wote wa pembe anaweza kumtumia asiye na pembe bila wasiwasi wa huntha.

Usimchanganye asiyeota pembe na aliyechomwa pembe akiwa mchanga ili zisiote. Aliyechomwa ana makovu mawili, na damu yake ni ya pembe. Kwa kitoto kilichozaliwa leo, lowesha nywele za utosini. Vizunguko viwili vya nywele, kila kimoja mahali pa pembe, ni dalili ya pembe. Asiyeota pembe kwa kawaida ana kizunguko kimoja katikati, au nywele zimelala tu.

Kama pembe ndizo zinazosumbua zizini, dawa ni kuzichoma kati ya siku ya nne na ya kumi baada ya kuzaliwa, daktari wa mifugo akiwepo na dawa ya kutuliza maumivu na sindano ya pepopunda. Fuvu la kitoto cha mbuzi ni jembamba kuliko la ndama. Chuma cha moto kikikaa zaidi ya sekunde 10 mfululizo, ubongo huumia. Madume ndio huotesha tena vibutu vya pembe, kwa kuwa kitako cha pembe yao ni kipana na wengi huchoma duara dogo mno.

Wawindaji wa Marekani wana mjadala unaokaribiana na huu. (Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hivyo uchaguzi wetu wa madume tunaufanyia zizini.) Kulungu wao wa mkia mweupe huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine, tofauti na mbuzi ambaye pembe zake ni za maisha. Dume wa mwaka mmoja na nusu akionekana na vijiti viwili visivyo na matawi, wengi husema damu yake ni mbovu, apigwe risasi. Lakini pembe za umri huo hutegemea pia alizaliwa lini na alikula nini, na hufikia upeo wake akiwa na miaka mitano hadi saba. Tena nusu ya jeni hizo hutoka kwa mama, ambaye hana pembe za kutazamwa.

Sisi tuna fumbo hilohilo kwa upande wa pili: beberu hutoa nusu ya jeni za maziwa ya binti zake ilhali hana kiwele. Basi uliza maziwa ya mama yake yaliyopimwa kwa kilo, asubuhi na jioni, angalau siku moja kila mwezi tangu azae hadi akauke. Lita tatu za wiki ya pili hazikuambii chochote kuhusu mwezi wa sita. Na umlinganishe na majike wenzake wa zizi hilohilo, wanaokula chakula kilekile.

Ombi langu ni kwa wauzaji, na kwa maafisa wa mifugo wa kaunti za Nakuru, Kisumu na magharibi wanaogawa mabeberu kwa vikundi. Kadi ya kila beberu iandikwe mambo manne: kama yeye ana pembe, alichomwa au hakuota; baba yake vivyo hivyo; mama yake vivyo hivyo; na tarehe aliyoanza kupanda. Tarehe hiyo itawaambia vikundi lini wabadilishane mabeberu, kwani mimba ni miezi mitano na binti zake huweza kushika mimba ya baba yao wakiwa na miezi saba tu. Ikipita miezi 12, ahamie kikundi kingine.

Mfugaji wa mbuzi wa maziwa,
Njoro, Nakuru