Krismasi njema kwa wote mliochoshwa na mwaka huu

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, Bwana asifiwe na Krismasi njema. Najua simu zimeshajaa zile picha za mshumaa na maua ambazo hata hamzifungui, kwa hiyo yangu nimeandika mwenyewe, maana mwaka huu haukuwa wa mchezo, wako waliopoteza kazi, wako waliozika, wako wanaowaza ada ya Januari na nyama ya sikukuu bado haijaingia hata sufuriani.

Mimi mwezi huu nimeshinda na nabii Isaya. Ile sura ya 9 tunaijua wote, watu waliokwenda katika giza wameona nuru kuu, Wakatoliki wanaisikia kila mwaka misa ya usiku wa tarehe 24, lakini jamani rudini nyuma kidogo muone sura ya 8 inavyoishia. Watu wanatangatanga, wana njaa, hasira zimewapanda mpaka wanamlaani mfalme wao na Mungu wao (kama grupu la ukoo siku mafuta yakipanda bei). Isaya hakuyafuta hayo ili habari njema ipendeze, kayaacha hapohapo.

Na giza lenyewe halikuwa la mafumbo. Zabuloni na Naftali, nchi za makabila mawili ya Israeli ambazo Isaya anazitaja mwanzoni mwa hiyo sura ya 9, ziko kaskazini, na mwaka 732 KK hivi Tiglath-Pileseri mfalme wa Ashuru akaitwaa Galilaya akasomba watu kwao akawapeleka Ashuru, ipo kwenye Wafalme wa Pili 15:29. Yerusalemu bado ilikuwa imesimama. Sasa cheki neno la matumaini linaanzia wapi, sio kwa wakubwa wa mjini, linaanzia hukohuko kulikovunjwa kwanza, na anasema mpaka nguo za vita zilizolowa damu zitakuwa kuni. Ndo hapo anasema Mtoto amezaliwa kwa ajili yetu. Wafasiri wengi wa Kiyahudi wanasema mtoto huyo ni Hezekia mfalme wa Yuda, sibishani nao siku ya sikukuu, ila Mathayo anapoeleza Yesu kuhamia Kapernaumu, kando ya ziwa, mipakani mwa Zabuloni na Naftali, anaurudia mstari huohuo wa giza na nuru. Miaka 700 na zaidi imeshapita tangu watu wale wasombwe!

Hiyo miaka ndo inaniumiza kichwa, niseme ukweli, maana waliosombwa wenyewe hawakuiona hiyo siku. Kwa hiyo sitawatumia meseji kwamba Januari mambo yatanyooka, sijui, na Isaya naye hakutaja tarehe. Ila zile nchi za pembeni ambazo kila mtu alishazikatia tamaa, Mungu alizitaja kwa majina, na mimi hapo ndo nimeshikilia.

Basi wewe unayeuguza hospitali, wewe mwenye deni usiyepata usingizi, nanyi mlio mbali mmekosa nauli, leo nawataja mmojammoja kwenye sala. Mlio karibu piteni nyumbani kuanzia saa saba mchana, pilau lipo la kutosha, kuku ni mmoja tu, atakayekosa paja asinune.