Kabla hujalipa ada ya hapkido, tazama wanavyoanguka

Wanaotupigia simu huanza na maswali mawili: ada ni shilingi ngapi, na mkanda mweusi unachukua muda gani. Ni maswali halali, tutayagusa hapo chini. Lipo la tatu ambalo karibu hakuna anayeliuliza, nalo ndilo lingemsaidia zaidi mtu ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa mapigano: hapo kwenu, mgeni anafundishwaje kuanguka?

Tukiri mapema kwamba sisi tunauza mafunzo haya, kwa hiyo soma ushauri wetu ukilijua hilo. Lakini tumeshawapokea wanafunzi waliotoka kumbi nyingine wakiwa na bega bovu au kifundo cha mkono kinachouma kila baridi ikiingia, na wengi wao waliumia kwa namna ileile: walirushwa kabla hawajafundishwa kushuka.

Hapkido ni sanaa ya kujilinda ya Korea. Ina mateke ambayo aliyesoma taekwondo atayatambua, ina kurusha mtu kwa nyonga kama judo, ina ngwala na kabali, na zaidi ya yote ina kukunja viungo: kifundo cha mkono, kiwiko, bega, hata vidole. Kwenye karate unaweza kufanya mazoezi mengi peke yako ukiupiga hewa. Hapkido haiendi hivyo. Karibu kila zoezi lina anayefanya na anayefanyiwa, na nusu ya kipindi anayefanyiwa ni wewe. Mkono wako unakabidhiwa kwa mtu uliyemjua wiki iliyopita. Ndiyo maana tunasema uchague ukumbi kwa kuangalia unavyomtunza huyo anayefanyiwa, kabla hujaangalia kingine chochote.

Nenda ukakae pembeni

Ukumbi wowote wa maana utakuruhusu kuangalia kipindi kizima bure. Ukiambiwa mafunzo ni ya siri, au ulipe kwanza ndipo uone, aga kwa heshima uondoke.

Ukishakaa, usihangaike na wenye mikanda myeusi. Wataruka, watazunguka, utavutiwa. Geuza macho kwenye kona ya wanaoanza. Mwalimu anayejua kazi yake humwanzisha mgeni akiwa amechuchumaa, matako yakiwa karibu na sakafu. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini. Anajiachia nyuma mgongo ukiwa umeviringwa, pumzi ikitoka, na mikono yote miwili, kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, inaupiga mkeka kwa pamoja ikiwa imeachana kidogo na kiuno. Unasikia mlio mmoja mkubwa. Mgeni hudhani mlio huo ni mbwembwe, kumbe ni nguvu ya kuanguka ikisambazwa kwenye eneo kubwa badala ya kuishia kwenye mfupa mmoja.

Kila binadamu, akiona anaanguka, hunyoosha mkono nyuma ajizuie. Uzito wote unatua kwenye kifundo cha mkono, na hapo ndipo mifupa huvunjika. Mtazame mwalimu wakati mgeni anapofanya hivyo. Je, ameona? Amemsimamisha na kumrudisha kwenye kuchuchumaa? Au yuko upande wa pili wa ukumbi anapokea simu? Baada ya hapo mwanafunzi huanguka akiwa ameinama, kisha akiwa wima, kisha kwa ubavu, kisha mbele kwa kupitisha bega. Hilo ni jambo la wiki, si la jioni moja. Ukiona mtu amekuja kwa mara ya kwanza na nusu saa baadaye anabebwa mgongoni kutupwa, umeshapata jibu lako.

Na elimu hii huenda ukaitumia kuliko teke lolote utakalofundishwa. Kuteleza kwenye vigae vya bafuni kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kukupata kuliko kuvamiwa na kibaka.

Halafu ikague sakafu. Mikeka ya povu ya sentimita 2 inafaa kwa mateke na ngumi. Kwa kurushana tunataka sentimita 4 au zaidi. Iminye kwa kisigino ukiwa peku: ukisikia saruji haraka, mkeka umechoka. Tazama pia viungio vyake, maana mikeka inayoachana huacha nafasi ambamo kidole cha mguu huingia halafu mwili ukageuka bila mguu kugeuka. Zulia lililotandikwa juu ya saruji halihesabiki kuwa mkeka, hata liwe zito namna gani.

Anayegonga aachiwe

Kwenye kukunja viungo kuna lugha moja duniani kote: ukigonga mara mbili, kwenye mkeka, kwenye mwili wa mwenzako au kwenye paja lako, mwenzako anaachia. Haongezi kidogo ili umalizike vizuri. Anaachia.

Chagua jozi moja uifuatilie. Mmoja ameshikwa kifundo cha mkono. Anasogeza mguu kando, anageuza kiganja cha aliyemshika kielekee nje, kidole gumba chake kikiwa kimekaa nyuma ya mkono ule, na mwenzake anaanza kupinda kiuno bila kutaka. Mpaka hapo ni sawa. Sasa tazama sentimita chache zinazofuata. Kwenye ukumbi mzuri mkono unapunguza kasi kadiri unavyokaribia mwisho, kwa sababu kiungo kikifika ukomo wake hakuna nafasi ya kusahihisha. Kwenye ukumbi mbaya unaongeza kasi, na anayefanya anamtazama mwalimu kuona kama amesifiwa. Mwalimu akiwa mwenyewe ndiye anayechelewa kuachia, akacheka wakati mwanafunzi anagonga, usitarajie wanafunzi wake wawe na adabu kumshinda.

Hapa tujibu na jambo la video. Watu hutuuliza kama wale wanaoruka sarakasi baada ya kukunjwa mkono wanaigiza. Wanashirikiana, ndiyo. Anayekunjwa kwa kasi huruka mwenyewe kuufuata mkono wake ili usivunjike, na ameshazoea kutua. Hakuna ubaya, mradi isiwe ndiyo yote. Baada ya miezi kadhaa mwenzako anatakiwa aanze kukukatalia: akushike kwa nguvu, abadilishe mguu, akuvute. Ukumbi ambao mwenye mkanda wa kahawia bado anashikwa na mtu aliyelegea kama nguo mbichi unafundisha ngoma. Ni mazoezi mazuri ya mwili, lakini usiambiwe ni kujilinda.

Kipimo chetu tunachokipenda ni kisu. Omba kuona wanavyofundisha kukabili kisu. Walimu waangalifu hutumia kisu cha mpira au cha mbao, na wengine hukipaka chaki kwenye makali. Dobok nyeupe, yaani sare ya mazoezi, ikimaliza zoezi ina mistari ya chaki mikononi na tumboni, na mwalimu anakuonyesha mistari hiyo na kukuambia: kimbia ukiweza, mpe simu yako, mkono uwe chaguo la mwisho. Anayekuahidi kwamba baada ya miezi mitatu utampokonya jambazi kisu kwa mikono mitupu anakuuzia kitu kitakachokuua.

Vyeti vya ukutani

Wateja wengi wanataka kujua kama tunatambuliwa na chama kikuu cha hapkido duniani. Chama kimoja cha namna hiyo hakipo, na sababu yake iko kwenye historia.

Choi Yong-sool, ambaye hapkido inaanzia kwake, alirudi Korea kutoka Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, akaishi Daegu. Alisimulia kwamba alikulia kwa Takeda Sokaku, bingwa wa Daito-ryu aiki-jujutsu, sanaa ya mapigano ya Kijapani, na wanahistoria bado wanabishana kuhusu simulizi hiyo. Mwaka 1948 Seo Bok-seob, kijana mwenye mkanda mweusi wa judo ambaye familia yake ilimiliki kiwanda cha pombe mjini humo, alimwona akiwashinda watu kwenye ugomvi nje ya kiwanda, akamwomba amfundishe. Kutoka kwa Choi wakatokea wengi. Ji Han-jae aliongeza mateke mengi, akaipeleka sanaa hii Seoul mwishoni mwa miaka ya 1950, na akawafundisha walinzi wa rais. Chama cha Hapkido cha Korea kiliundwa mwaka 1965, halafu wakuu wakatofautiana na kila mmoja akaenda na watu wake. Taekwondo yenyewe ilikusanywa: ina Kukkiwon, makao makuu yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, na tangu mwaka 2000 ni mchezo rasmi wa Olimpiki wenye medali. Hapkido haikupitia njia hiyo. Mpaka leo ina mashirikisho kadhaa, kila moja na vyeti vyake, mitihani yake na mtaala wake.

Kwa hiyo cheti chenye mhuri mwekundu na maandishi ya Kikorea kinakuambia mwalimu alifanyiwa mtihani na mtu fulani. Muulize huyo mtu ni nani, na yeye alifundishwa na nani. Mwalimu halali hulijibu swali hilo kwa raha, mara nyingi kwa kirefu kuliko ulivyotaka. Anayekasirika ana sababu yake. Jihadhari pia na aliyetoka kwenye karate, akahudhuria semina ya wikiendi, akabadilisha kibao cha mlangoni. Karate yake huenda ni nzuri sana, ila wewe hukuja kwa ajili hiyo.

Huku Tanzania ongeza swali la usajili. Klabu za michezo husajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Usajili haukuhakikishii kwamba mwalimu anajua kurusha mtu, lakini unajua kuna jina na katiba mahali fulani siku mambo yakiharibika.

Watoto, na akina dada

Mzazi, uliza mtoto anafundishwa nini hasa. Mifupa ya mtoto inayokua ina gegedu karibu na ncha zake, na sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Sisi watoto wadogo tunawafundisha kuanguka, mateke, kujinasua mkono wakishikwa, na michezo ya kusukumana. Kukunja kiwiko na bega kunasubiri. Ukiona watoto wa darasa la pili wanakunjana viwiko kwa mashindano, mchukue wako mkanywe soda. Na mlango uwe wazi kwa mzazi siku zote, si siku ya mtihani tu.

Kwa akina dada, mazoezi haya ni ya kushikana, hakuna njia ya kulikwepa hilo. Kwenye ukumbi unaojiheshimu mwanafunzi anaweza kusema leo nafanya na fulani, sifanyi na fulani, bila kutakiwa kueleza. Pawepo mahali pa kubadilishia nguo panapofungwa. Na kabla hujalipa, mtafute mwanafunzi wa kike aliyedumu hapo mwaka au zaidi, uzungumze naye mwalimu asipokuwepo. Kama hayupo hata mmoja, uliza kwa nini.

Ada, mkanda, na umbali

Sisi tunatoza kwa mwezi, bila mkataba. Ada ya mtihani wa mkanda iko peke yake na imebandikwa ukutani. Popote uendapo, ulizia jumla ya gharama: dobok, usajili wa mwaka, kila mtihani, cheti cha nje. Kuna kumbi zenye ada ndogo ya mwezi ambazo hula kwenye mikanda, mkanda mpya kila baada ya wiki chache na rangi ambazo hazijawahi kusikika.

Mkanda mweusi kwa anayekuja mara mbili au tatu kwa wiki ni jambo la miaka, kwetu si chini ya minne. Korea kwenyewe dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi, huja mapema kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kule huhesabiwa kuwa mwanzo wa kujifunza. Kwa hiyo muda pekee haukwambii ukumbi ni mzuri au mbaya. Anayekuahidi tarehe kabla hajakuona ukisogea ndiye wa kumkwepa.

Hili la mwisho halitufaidishi kibiashara, lakini tutalisema. Kumbi za hapkido nchini ni chache. Ikiwa tuko mbali na wewe, daladala mbili na foleni, na karibu na kwako kuna mwalimu makini wa judo au karate, nenda kwake. Wa Zanzibar, judo mnayo. Anayefanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwenye sanaa ya pili kwa kupenda humshinda anayefika kwetu mara moja kwa mwezi akiwa amechoka.

Ukiwa karibu, kipindi cha kwanza kwetu ni bure na hutarushwa. Njoo na suruali ndefu ya mazoezi na fulana usiyoihurumia, kucha zikiwa fupi, pete na hereni ukiziacha nyumbani. Mwambie mwalimu kabla ya kuanza kama una tatizo la mgongo, goti, presha au ujauzito, hata kama unaona ni dogo. Na ukitaka kukaa pembeni tu uangalie, viti viko upande wa wanaoanza.