Jumamosi ni zamu ya Petersburg

Wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi saa kumi tunaendelea kusoma waandishi wa Kirusi, na safari hii mhusika mkuu ni mji wenyewe: Petersburg. Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, aliuanzisha mwaka 1703 kwenye kinamasi, mto Neva unapoingia baharini, na vibarua wengi walikufa wakiujenga. Kwa maoni yangu ndiyo maana waandishi wao wanautazama kwa jicho la wasiwasi: mji wa amri ya mtu mmoja, ambao siku yoyote maji yanaweza kuudai.

Tuanze na Pushkin, shairi la Mpanda Farasi wa Shaba (1833). Msingi wake ni mafuriko ya kweli ya Novemba 1824. Karani mdogo, Yevgeny, anampoteza mchumba wake, akili inamruka, anaikunjia ngumi sanamu ya Peter akiwa juu ya farasi. Basi usiku kucha anasikia kwato nzito zikimfukuza mitaani. Hapo msiruke, someni kwa sauti.

Gogol na karani wake aliyeibiwa koti tutampitia juujuu, wengi mnamjua.

Dostoyevsky ndiye mwenye kazi. Katika Uhalifu na Adhabu (1866), mhusika mkuu, Raskolnikov, ameshahesabu hatua kutoka mlangoni kwake hadi kwa bibi kizee anayekopesha kwa rehani: 730. Joto, vumbi, chokaa, harufu ya vilabu vya pombe. Sura ya kwanza tu inatosha.

Mwenye nakala ya ziada ya Pushkin anijulishe. Na voisi za dakika tano jamani, hapana.