Dawa ya kichocho ya watoto wadogo ipo, ifikishwe mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watoto wa mwaloni, yaani ufukweni wanakoshusha samaki wavuvi, ambao bado hawajaanza shule.

Nimefundisha shule ya msingi kandokando ya Ziwa Victoria kwa miaka mingi, na siku ya vidonge vya kichocho nilikuwa miongoni mwa walimu wanaoisimamia. Walioiona siku hiyo wanakijua kile kijiti chenye alama. Mtoto anasimama wima, kijiti kinawekwa nyuma yake, na urefu wake ndio unaosema anywe vidonge vingapi. Vidonge vyenyewe ni vikubwa na vichungu kwelikweli. Uji tuliupika mapema, maana prazikwanteli, ndiyo dawa yenyewe ya vidonge hivyo, ikikuta tumbo tupu mtoto hutapika, na akitapika mmoja, mwaka unaofuata wazazi wanaficha watoto nyumbani. Asubuhi hizo hakukosekana mama aliyekuja na mwanafunzi mkononi na mdogo wake mgongoni, akiomba na huyu wa mgongoni apewe. Tulimjibu kwamba dawa ni ya wanafunzi, naye akaondoka.

Sasa nina mjukuu wa miaka minne. Mwaka jana alisumbuliwa na tumbo, akaanza kutoa choo chenye damu. Alipopimwa akakutwa na kichocho. Kidonge alichopewa kilikuwa kile kile cha wakubwa, tukaambiwa tukivunje kwa kukadiria. Tulikisaga kwa mgongo wa kijiko, tukakoroga kwenye uji wa sukari nyingi. Nusu aliimeza, nusu aliitema kifuani kwa mama yake.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya umri wake imeshatengenezwa. Inaitwa arprazikwanteli, ni ya watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Kidonge chake ni kidogo, kinayeyuka kwenye maji, uchungu umepunguzwa, na kinahimili joto la huku kwetu. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaithibitisha ubora. Kabla ya hapo ilijaribiwa Ivory Coast na Kenya, na huko Kenya majaribio yalifanyika Homa Bay, kwenye ufuko wa ziwa letu hili hili. Tangu mwaka 2022 WHO yenyewe inaelekeza kinga ya dawa ianze umri wa miaka 2, si ule wa kuingia darasani.

Niseme pia jambo linalowachanganya wengi. Ukitaja kichocho, watu wanafikiria kukojoa damu. Huo ni wa wenzetu wa majaruba na malambo, kule Misungwi na Kwimba. Wa ufukweni ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai mengine hunasa kwenye ini, na miaka ikipita ini na bandama huvimba mpaka mtu anatapika damu. Wavuvi wa namna hiyo tumewazika, tukasema wamerogwa.

Na mtoto anaupata mapema. Nenda ufukweni mchana uone. Mama anafua, mtoto wa mwaka mmoja na nusu amekalishwa kwenye maji ya kina kifupi, anachezea kikombe, na pembeni yake kuna matete yaliyojaa konokono wadogo. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono hao zaidi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi alasiri, vikapenya ngozi kwa dakika chache tu. Ndiyo maana nawaambia majirani wachote maji asubuhi, wayalaze siku mbili kwenye pipa lililofunikwa ndipo wamwogeshe mtoto, kwa sababu vijidudu hivyo visipopata ngozi ya mtu hufa. Lakini si kila nyumba ina pipa, na vyoo kwenye makambi ya wavuvi ni vya kutafuta.

Najua fedha zimepungua. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na siku hiyo hiyo nyingine ya kuitoa Marekani WHO. Ilipofika Julai, USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa, nayo ndiyo iliyokuwa ikigharamia kwa kiasi kikubwa mapambano ya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Vidonge vya wanafunzi hutolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia WHO, hadi milioni 250 kwa mwaka kwa nchi zote. Kinachohitaji fedha ni mafuta ya gari, boti ya kwenda visiwa vya Ukara na Kome, posho ya mhudumu, na ule uji. Hayo hatuwezi kushindwa wenyewe. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa dagaa na samaki pale pale mwaloni wanapoogea watoto hawa. Sehemu ya ushuru huo iwarudie.

Wala haihitaji kampeni mpya. Watoto wa chini ya miaka mitano huletwa kliniki na kadi zao, wanapimwa uzito, na dozi ya dawa hii inaendana na uzito. Mizani iko tayari, muuguzi yuko pale pale.

Nawauliza waganga wakuu wa halmashauri zote za kandokando ya ziwa, na nitashukuru wakijibu kupitia ukurasa huu: arprazikwanteli mmeiagiza? Kama bado, imo katika bajeti ya mwaka huu? Mjukuu wangu anatimiza miaka mitano mwezi Agosti, na kliniki yake ni Jumanne.

Mwalimu mstaafu,
Ilemela, Mwanza